Velo, Umwambie Mama

Watu wa njia ya rele wanajulikana kwa mizigo yao: huyu wa mchele, yule wa samaki wa Nyangwe, yule wa mihogo mikavu. Bulaimu wa Gare anajulikana kwa potopoto, yaani matope. Anabeba mawese, na mawese yake nimeyapikia sombe, majani ya mihogo, nyumbani kwangu Kasongo nisione kasoro. Lakini ukiuliza habari zake huko njiani watu wanacheka kwanza, halafu wanakuuliza, "Ni yule mwenye kuruka?"

Mimi sikujua kama anaruka. Ningejua, nisingempa mfuko wangu wa nguo.

Naitwa Victorine, mwalimu wa darasa la pili mjini Kasongo. Nimefundisha mpaka sauti imeharibika. Hata nikiomba maji mezani, wageni wanakaa wima. Daktari alipopima damu yangu alisema imepanda, nifanye mazoezi. Mdogo wangu André, anayeuza vipuri vya baiskeli sokoni, alikuwa na jibu kabla sijamaliza kumweleza: nichukue velo yake, niende kuitembelea njia ya rele. Kwa André kila ugonjwa una dawa moja, nayo ina magurudumu mawili.

Nilikuwa na sababu yangu pia, ambayo sikumwambia. Marehemu baba alikuwa mfunga freni kwenye treni ile. Uzeeni, akisinzia mchana, mkono wake ulikuwa ukizungusha freni hewani, na mama alikuwa akituambia tunyamaze, baba anateremka mlima. Nilitaka kuona mahali mkono ule ulipofanyia kazi.

Treni yenyewe ilikuwa ndogo, mali ya kampuni iliyochimba mawe upande wa Kabambare na kuyateremsha kuelekea Lualaba. Kampuni ilikwenda zake, treni ikafa, na reli zikang'olewa kipande kwa kipande na watu wenye akili. Leo ukipita vijijini unaona chuma cha reli kimeshika paa la kanisa, kingine kimefanywa kengele ya shule, kingine kinabeba sufuria la harusi. Kilichobaki ni tuta. Na kwa kuwa treni ni kiumbe mvivu asiyependa kupanda, tuta lile halina mlima mkali, ndiyo maana watu wa baiskeli wanalipenda kuliko barabara ya serikali. Wanapita huko mchana kutwa na bidoni zao za mawese, wakipiga kengele, na bado wanaongea kitreni. Mwenye mzigo anaitwa "marchandise". Asiye na mzigo anaitwa "express", na express ndiye anayempisha marchandise.

Mahali pamoja tu kupishana ni kazi. Kati ya kijiji cha Gare na kijiji cha Shato kuna kinamasi, na treni haikukizunguka. Ilijengewa tuta katikati ya maji. Mvua zimelila tuta hilo mpaka limebaki upana wa baiskeli moja na nusu. Mkikutana hapo mnasimama, mnainamisha baiskeli kila mtu upande wake, mnapita tumbo kwa tumbo huku mkiombana radhi. Msomaji alishike hilo la tumbo kwa tumbo, kwa sababu ndilo lililomtia Bulaimu majini miaka yote.

Nilifika Gare asubuhi kwa pikipiki, velo ya André imefungwa nyuma yangu, kwa barabara ambayo sitaieleza, anayeijua anaijua. Nyumba ya stesheni ya zamani sasa ni santre ya afya. Dawa zinatolewa kwenye kidirisha kilekile cha kuuzia tiketi, na chumba cha tiketi ndicho cha kuzalia. Muuguzi, dada mmoja mnene mchangamfu anayeitwa Dieudonnée, aliniambia kwamba siku hizi abiria wote wanafika bila kulipa.

Bulaimu alikuwa ananisubiri, kwa sababu André alimwomba aniongoze. Alikuwa mwembamba, mrefu wa miguu, shati limepigwa pasi, kofia ya msikitini imekaa sawasawa kichwani. Baiskeli yake aliipaka rangi ya kijani na kuiongezea vyuma mpaka ilikuwa nzito kuliko mimi, na mimi si mwepesi. Freni ya nyuma haikuwepo. Nilipouliza, akanionyesha kandambili yake.

"Madame, weye fuata tu miye," alisema. "Njia ya rele haipoteze mutu."

Mke wake, Aurélie, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga, tumbo limefika magotini. Mwaka uliopita walipoteza mtoto wao wa kwanza. Mvua ilikuwa imefunika tuta, mama yake Aurélie alikuwa ng'ambo ya maji huko Shato, na binti alizaa bila mama yake, mtoto hakulia. Hakuna anayesema kwamba mama angekuwepo mtoto angepona. Lakini Aurélie alikuwa ameapa mbele ya mumewe na mbele ya muuguzi kwamba safari hii hataingia chumba cha tiketi mpaka mama yake awe amefika. Muuguzi alikuwa amepima na kusema bado majuma kadhaa.

"Ukimuona mama kule Shato, Madame," Aurélie aliniambia, "umwambie asikawie kuya."

Tukaondoka. Bulaimu mbele, mfuko wangu umefungwa kwenye portbagaji yake, kile chuma cha mizigo nyuma ya kiti, mimi nyuma nikikumbuka polepole kwamba baiskeli ina kiti kigumu. Nasema kweli, njia ni nzuri. Inapita katikati ya mashamba ya mpunga, inaingia kwenye michikichi, inatokea nyuma ya jiko la mtu na kumkuta anasonga bugali, mnasalimiana bila kushuka. Kwa muda mfupi niliwaza kwamba André pengine si mjinga. Nilifikiri pia juu ya baba, nikajaribu kukisia ni wapi alianza kuzungusha ile freni yake.

Tulifika kwenye kinamasi, tukavuka daraja lake la ubao mmoja. Tuta linapinda hapo, na matete ni marefu. Bulaimu alipiga kengele. Upepo ulikuwa unatupiga mgongoni, hivyo hatukusikia kitu kutoka mbele. Tulipomaliza kona, niliona mwanamke wa makamo amesimama mbele yetu katikati ya tuta, ana fimbo mkononi na kikapu mgongoni. Alituona. Akageuka papo hapo, akatupa mgongo, akajifunika kichwa kwa kikwembe, akaanza kutazama mawingu.

Bulaimu aligeuza usukani akaingia majini, yeye, baiskeli, na mfuko wangu wa nguo.

Mimi nilidhani amepata kifafa. Nilishuka, nikapiga kelele kwa sauti ya darasa la pili. Bulaimu alikuwa amesimama kwenye potopoto mpaka kiunoni, uso ameuelekeza kwenye matete kama mtoto aliyeadhibiwa. Yule mwanamke alipita karibu yangu akichechemea kwa goti bovu, akanisalimu kwa upole, akauliza habari za Kasongo, akaenda mpaka shamba lake la mihogo, kwenye kipande cha nchi kavu upande huu wa daraja. Alipotoweka tu, Bulaimu alitoka majini akikamua kofia.

"Pardon, Madame," alisema. "Ni bukwe."

"Bukwe gani?"

"Ile ni mama ya muke wangu. Mi siwezi kupita karibu naye. Hata nguo yangu haiwezi kugusa nguo yake. Nikimuona kwenye njia, mi natoka kwenye njia. Ni heshima."

"Na kama njia haina pembeni?"

"Pembeni iko," alisema, akaonyesha maji. "Ni hii."

Kwetu pia mkwe anamheshimu mama mkwe, sisemi kwamba ni jambo geni. Kwetu unainamisha macho, unazunguka nyuma ya nyumba, na mambo yanaisha. Lakini watu wa kwetu hawakujengewa tuta katikati ya kinamasi. Heshima ya Bulaimu ilitungwa na wazee waliokuwa na pori pana la kujifichia, halafu ikaja kampuni ikaiweka juu ya upana wa baiskeli moja na nusu.

Nilikasirika kwa sababu ya nguo zangu, na nilimweleza hivyo njia nzima. Yeye aliitikia "ndiyo Madame" na kunieleza mengine. Hawezi kusema na mama mkwe isipokuwa kwa kupitia mtu wa tatu. Hawezi kula anapoweza kuonekana naye. Na hawezi kutaja jina lake. Nilimuuliza jina lenyewe ni lipi, akasimamisha baiskeli, akaangalia huku na huku, akaniambia nimuulize mtu mwingine. Baadaye nilipata habari kwamba mama huyo anaitwa Julienne. Nikaelewa kwa nini Bulaimu, aliponisimulia ugonjwa wa kuku, alisema ulianza "katikati ya mwezi wa sita na wa nane". Hata juillet, mwezi wa saba kwa Kifaransa, aliiogopa.

Ningeweza kusema yule mama ni mkali, hadithi ingependeza. Si kweli. Mama Julienne anampenda mkwe wake, na mateso yake ni makubwa vilevile. Akienda shambani anaimba nyimbo za misa kwa sauti kubwa ili Bulaimu amsikie kutoka mbali. Siku za upepo, kama ile, wimbo unarudi nyuma. Kila mara Bulaimu anapozama, jioni mama anamtumia mtu na sabuni.

Shato ni kijiji kilichopewa jina kwa ajili ya tangi la maji la treni, château kwa Kifaransa. Tangi limetoboka, lakini ngazi zake za chuma ni imara, na huko juu ndiko mtandao wa simu unakopatikana. Basi mchana utaona watu wamepanga foleni chini ya tangi, mmoja mmoja wanapanda kusalimu jamaa zao. Nilikuwa nimekaa kwa mwenyeji wangu, nguo zangu zimeanikwa mbele ya kijiji kizima, nakunywa chai, nilipomsikia mtu akiita kutoka juu: "Bulaimu iko wapi? Dada yake Faridah anaita kutoka Gare. Aurélie ameshikwa na uchungu."

Kikombe cha Bulaimu kilianguka. Majuma kadhaa ya muuguzi yalikuwa yamekuwa asubuhi moja.

Faridah alieleza yote kwa simu, na kijiji kizima kilisikia, maana aliyekuwa juu ya tangi alirudia kila neno kwa waliokuwa chini. Uchungu ulikuwa wa kweli. Aurélie alikuwa amekaa chini nje ya santre, ameshika nguzo, hataki kuingia. Muuguzi alikuwa amembembeleza, halafu amemfokea. Jibu lilikuwa moja: mama kwanza.

Mama Julienne alikuwa amerudi kutoka shambani. Alifunga mkeka wake, akachukua fimbo, akaanza kutembea bila kumuuliza mtu. Kwa goti lile angefika Gare jioni sana, kama angefika. Bulaimu alikimbia kijiji kizima, akipita nyuma ya nyumba ili asimpite mama mkwe, akitafuta mtu wa kumbeba. Ilikuwa siku ya soko Kasongo. Baiskeli zote zenye nguvu zilikuwa zimekwenda, na waendeshaji wake nao. Pikipiki haziwezi, kwa sababu daraja la kinamasi lina ubao mmoja. Alibaki mzee mmoja ambaye baiskeli yake haina mnyororo.

Bulaimu alikuja kusimama mbele yangu.

"Madame, weye unaweza kumubeba?"

Nilimtazama. Alinitazama, akatazama na velo ya André, akajijibu mwenyewe.

"Basi umbebe wewe," nilisema. "Ukiwa unaendesha unampa mgongo. Humuoni, hakuoni. Ni heshima gani nyingine unayotaka?"

Nilisema hivyo kwa hasira tu. Lakini mama mmoja wa pale alisema, "Eh, Madame hakukosea," na mwingine akasema kwamba mgongo ni mgongo hata ukikaa. Ulitokea mjadala mfupi, mkali, juu ya portbagaji: je, ni sehemu ya baiskeli, au ni sehemu ya mtu anayeiendesha? Mjadala ule ungeendelea mpaka mtoto aanze shule. Mama Julienne, aliyekuwa bado hajapita nyumba ya mwisho, alirudi akaumaliza. Alikwenda jikoni kwa jirani, akatoka na lungo kubwa la kupepetea mchele. Alimwambia jirani, si Bulaimu, kwamba yeye atakaa nyuma, lungo litakaa katikati, na Mungu atakaa anapotaka.

Hivyo ndivyo tulivyotoka Shato. Bulaimu mbele, mfuko wangu wa nguo mbichi umefungwa kwenye usukani, macho ameyakaza njiani, shingo ngumu kwa woga wa kugeuka. Nyuma yake lungo limesimama wima kama mlango. Nyuma ya lungo Mama Julienne, ameketi upande, mkono mmoja umeshika lungo, mwingine umeshika springi za kiti. Nyuma yao mimi, mtu wa tatu.

Sikujua kwamba mtu wa tatu ni kazi.

"Madame," alisema Mama Julienne, "umwambie mwenye velo, hapo mbele iko shimo."

"Bulaimu, mbele kuna shimo."

"Madame, umwambie mama mukwe, shimo nimeliona."

"Mama, ameliona."

"Umwambie kama ameliona, mbona hapunguze?"

"Bulaimu, mbona hupunguzi?"

"Umwambie freni ya nyuma haiko, na kandambili iko na maji."

Tukaingia shimoni wote kwa zamu. Walikuwa wametengana kwa lungo moja. Walisikiana vizuri kuliko mimi nilivyowasikia. Nami nilikuwa napeleka maneno mbele na nyuma, nikikanyaga velo, damu imepanda, jasho linaingia machoni. Walizungumza juu ya mashimo, juu ya mbuzi njiani, juu ya kama Aurélie alikula asubuhi, juu ya aina ya uji. Nilipofika kwenye uji pumzi iliniishia.

"Mimi si simu," nilisema. "Nimechoka. Semeni na velo."

Niliona nimewaudhi, nikajuta, lakini sikuwa na pumzi ya kuomba radhi. Halafu nilimsikia Mama Julienne akikohoa, akapigapiga chuma cha portbagaji kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi.

"Velo," alisema, "umwambie mwenye weye, asubuhi alitumbukia vibaya. Ile mguu haikuumia?"

Bulaimu aliinama kidogo kwenye usukani.

"Velo, umwambie mama, mguu iko muzima."

Kuanzia hapo hawakunihitaji. Nimesikia watu wengi wakizungumza maishani mwangu, lakini sijasikia baiskeli ikitumwa hivyo. Velo, umwambie ile sabuni ilifika. Velo, umwambie aksanti ya mihogo. Velo, umwambie mwaka jana nilikaa kwenye ile maji usiku na mchana, sikupata njia ya kupita. Velo, umwambie mama mi najua, na muke wangu anajua, hakuna mwenye kumhesabia kosa. Walikuwa na maneno ya miaka mizima, yote yakapita kwenye chuma kile cha kijani. Mimi nyuma nililia kidogo, nikasingizia jasho.

Tukafika kwenye kinamasi. Upepo uliotusukuma asubuhi sasa ulitujia usoni, kisha tuta lilipopinda ukatujia ubavuni, ukalishika lungo. Baiskeli iliyumba kushoto. Mama alilivuta lungo kulia, baiskeli ikayumba kulia. Bulaimu alikuwa anawataja mitume wake, Mama Julienne anawaomba watakatifu wake, na mimi niliwaomba wote kwa pamoja kwa sababu mfuko wangu ulikuwa tena kwenye usukani wake. Mwishoni mama aliliachia lungo. Lilipaa, likatua majini mbali, likaanza safari yake. Sasa kati yao hapakuwa na kitu. Mama alijifunika uso kwa kikwembe, Bulaimu alikaza shingo zaidi, tukaendelea.

Kwenye daraja walishuka. Ubao ni mmoja, mwembamba, na chini maji ni meusi. Mtu mwenye goti baya anahitaji kushikwa mkono hapo, na mkono wa Bulaimu haukuwezekana. Mimi nilikuwa nyuma na velo ya André, na ubao haupitishi wawili sambamba. Basi Bulaimu alitangulia akiivuta baiskeli kwa usukani, mama akafuata akishikilia portbagaji. Walikwenda hivyo, baiskeli katikati yao, hatua kwa hatua. Katikati ya ubao fimbo ya mama iliteleza. Goti lilikunjika. Nilimwona akitazama maji, mwili umeanza kuyafuata macho.

"Mama, usiangalie chini," alisema Bulaimu. "Niangalie miye."

Alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, bila velo, bila mimi. Hakugeuka, aliikaza tu baiskeli kwa mikono yote miwili na kusimama imara. Mama Julienne aliinua kichwa. Aliutazama mgongo ule wenye matope makavu, akautazama mpaka wote wawili walipofika ng'ambo. Hapo alisimama akatweta. Bulaimu alikuwa amejikunyata kama aliyevunja sahani ya mgeni.

"Velo," alisema mama baada ya kupumua, "umwambie nimesikia. Na sikusikia."

Walipanda tena.

Aurélie alikuwa bado ameshika nguzo ya santre. Alipotuona alianza kucheka, na uchungu ukamkata cheko, kisha akacheka tena. "Mama," alisema, "umekuya na nini?" Mama yake alishuka, akaacha fimbo chini, akamshika kiuno, wakaingia pamoja chumba cha tiketi. Muuguzi Dieudonnée alifunga kidirisha.

Sasa Bulaimu hakuwa na mahali. Mama mkwe akiwa ndani, yeye hawezi hata kukaribia mlango. Alikwenda kukaa ukingoni mwa jukwaa walilokuwa wanapandia treni abiria wa zamani, akageuzia nyumba mgongo, akaisimamisha baiskeli kando yake. Nilikaa naye. Kila sauti iliyotoka ndani ilimpitia mwilini. Mara moja aliniuliza, "Mwaka jana ilikuwa kimya, Madame. Kimya ni mbaya?" Nilimwambia asubiri. Niliogopa pia, na nilimchukia André kwa kunileta mahali ambapo ningeogopa hivyo kwa ajili ya watu ambao asubuhi sikuwajua.

Jua lilikuwa bado lipo juu ya michikichi mtoto alipolia. Alilia kwa hasira, muda mrefu, bila kupumzika. Bulaimu aliweka paji la uso kwenye kiti cha baiskeli na kubaki hivyo.

Kidirisha kilifunguka, kichwa cha muuguzi kikatoka.

"Bulaimu, ni binti. Aurélie anasema jina ni Julienne, sawa na nyanya yake. Baba anakubali ama anakataa?"

Bulaimu alinyanyua kichwa. Alinigeukia.

"Madame," alinong'ona, "mutoto wangu nitamwita namna gani?"

Jina la msikitini angeweza kutafuta baadaye, alisema, hilo si tatizo, tatizo ni hili. Ndipo Mama Julienne alipotoka, mtoto amemfunga kwenye kikwembe chake mwenyewe. Alichechemea mpaka kwetu. Bulaimu aliruka akasimama, akatafuta pembeni, na kwa mazoea aliangalia kama kuna maji. Hayakuwepo. Alibaki amesimama, amegeukia michikichi, mikono imeshikana nyuma.

Mama alinitazama, kisha akaitazama baiskeli. Nilielewa. Niliushika usukani kwa nguvu zangu zote isije ikaanguka. Aliukunja mkeka wake uliokuwa bado kwenye baiskeli, akautandika kwenye portbagaji, akamlaza mtoto juu yake taratibu, mkono mmoja bado chini ya kichwa.

"Velo," alisema, "shika mutoto. Umwambie baba yake, iko muzima. Na mama yake iko muzima."

Akaondoa mkono, akageuka, akatupa mgongo, akaanza kutazama mawingu.

Bulaimu aligeuka. Alimchukua mtoto kwa mikono iliyozoea bidoni za mawese, akimshika kana kwamba angemwagika. Alimsomea adhana kwenye sikio la kulia, kwa sauti ya chini, kama alivyofundishwa. Kisha akabaki anamtazama. Akainama zaidi, mdomo ukagusa sikio la pili, akalisema jina. Alilisema lote, pole pole, mbele ya mwenyewe.

"Julienne," alimwambia binti yake. "Julienne."

Mama Julienne alisikia, kwa sababu hata mimi nilisikia. Hakumtazama, alirudi kinyumenyume mpaka kwenye baiskeli. Alichukua ncha ya kikwembe cha kiunoni akaanza kupangusa kiti cha baiskeli, ambacho hakikuwa na vumbi.